Anti, nimekalia mchango wa matibabu ya mtu aliyeniita Dagaa

Shikamoo anti.

Naomba jina langu lisitokee, mji taja tu maana Dar kubwa. Nina miaka 38, nimeolewa, watoto wawili, kazi yangu uhasibu. Hii barua nimeianza mara tatu nafuta, leo watoto wamelala na mume wangu kasafiri nikasema liwalo na liwe.

Mi nimekulia Mwanza, Kirumba. Mama yangu alikuwa anauza dagaa pale mwaloni, baba alishaondoka zamani hata sura yake siikumbuki vizuri. Nyie watu wa Dar dagaa mnawajua wakishafungwa kwenye vipakti, hamjui kulala nao chumba kimoja. Sisi magunia upande huu, kitanda upande huu, mvua ikinyesha kabla hawajakauka mama anawaingiza ndani wasiharibike, kwa hiyo sare yangu, madaftari, nywele, kila kitu kilikuwa na ile harufu. Mi mwenyewe nilikuwa siisikii, pua ilishazoea. Nilikuja kujua nanuka siku nilipoambiwa.

Aliyeniambia ni msichana mmoja ntamwita R, tulikuwa darasa la pili. Kwao walikuwa na uwezo kidogo, baba yake ana duka, anakuja na soksi nyeupe kila siku. Akaanza kuminya pua nikipita, kesho yake wenzake wawili wakaminya, mwisho darasa zima. Dawati tulikuwa tunakaa watatu, wale wawili wanabanana huko mwisho mpaka mmoja nusu ya makalio iko hewani, bora aanguke kuliko anigusie bega. Jina likawa Dagaa. Mwalimu akiita majina akifika kwangu, kuna mtu nyuma anasema "Dagaa" kwa sauti ya chini na darasa linatikisika.

Mwaka 1996 ikazama meli ya MV Bukoba huko ziwani. Mwanza nzima msiba. R akatangaza kwamba mama yangu anauza dagaa waliokula maiti. Kuna mvulana darasani kwetu alikuwa amefiwa na mjomba wake kwenye ile meli, akanifuata mapumziko akanitemea mate usoni. Nilikuwa na miaka tisa anti.

Ila siku ambayo hainitoki ni ya darasa la tano. R aliniwekea kwenye begi mfuko wa rambo wenye dagaa wabichi wa tangu jana yake, halafu akanyoosha mkono akamwambia mwalimu kuna kitu kinanuka. Mwalimu akapita dawati kwa dawati ananusa, watoto wanacheka, akafika kwangu, akafungua begi, akautoa ule mfuko kwa vidole viwili akauinua juu watu wote wauone. Akasema "kumbe mwenzetu umekuja na mboga" na akacheka. Mwalimu alicheka. Nilikuwa nampenda yule mwalimu, yeye ndo alinifundisha hesabu na hesabu ndo inanilisha mpaka leo. Akaniambia nikatupe, nikatoka nao nikakaa nyuma ya choo mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Wiki hiyohiyo tunatoka shule kundi zima, nikamuona mama anakuja na beseni kichwani. Akaniita. Nikaangalia pembeni nikapita kama simjui. Akaita mara ya pili, halafu akanyamaza. Nyumbani hakusema kitu, akanipakulia nikala. Sijawahi kumwambia chochote na yeye hajawahi kuuliza.

Sasa hivi naoga mara tatu kwa siku. Kwenye mkoba natembea na pafyumu mbili, moja ikiisha ghafla je. Kwenye lifti nasimama kona, mtu akishika pua kwa sababu ana mafua yake mi mwili unakufa ganzi. Kwangu hapapikwi samaki wala dagaa, mama akija kututembelea mwezi wa 12 analeta kiroba cha dagaa, akiondoka tu nampa dada wa kazi apeleke kwa jirani. Kazini nimekataa cheo mara mbili kwa sababu ni cha kusimama mbele za watu. Mwanangu wa darasa la tatu aliitwa "kipilipili" nikaenda shuleni nikafoka mpaka mtoto mwenyewe akanivuta nguo, mama twende.

Mwaka jana mtu akaniunga kwenye grupu la watsap la darasa la saba 2000. Tuko 43. Sijui kwa nini sikutoka siku ileile, nadhani nilitaka waone nimefika wapi. Walivyojua ni mhasibu wakanipa uweka hazina. Na bado wananiita Dagaa, "Dagaa mama wa hela", na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na mimi najibu na vikatuni vya kucheka. Ndo nilivyo, najicheka mwenyewe kabla mtu hajanicheka, ofisini wanasema mi mcheshi.

Mwezi uliopita admini akatangaza kwamba R figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, bima hana, mume kamkimbia, tuchange. Hela inaingia kwenye simu yangu. Mpaka leo ni 1,340,000 na leo ni siku ya tisa nimeikalia. Siili anti, Mungu shahidi, iko palepale. Nabonyeza mpaka mwisho, nikifika pa kuweka namba ya siri natoka. Kwenye grupu nimesema mtandao unasumbua. Juzi R mwenyewe akanitumia voisi, sauti imeisha kama ya bibi kizee, anasema "Dagaa wangu, usinitupe mwenzio". Dagaa wangu! Nilienda chooni nikatapika, sisemi kwa mfano, nilitapika.

Na kuna sehemu ndani yangu ilifurahi kumsikia vile. Hiyo ndo inayonitisha. Mume wangu nilimgusia akasema hayo ya utotoni, mtu mzima wewe, tuma hela ulale. Rafiki yangu wa kanisani ananiambia samehe, saba mara sabini. Wote wanaongea kama vile kuna swichi mahali fulani mi nimegoma tu kuibonyeza. Sasa anti mi ni mtu mbaya? Nitume? Nitoke kwenye grupu? Nimwambie? Na kwa nini miaka 27 imepita bado naogopa pua za watu?

Mweka Hazina, Dar.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya usiku wa leo, na nyingine ya yule mtoto aliyekaa nyuma ya choo na mfuko wake mpaka kengele, maana sidhani kama kuna mtu alishawahi kumpa.

Barua yako nimeisoma nikaiacha nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena. Umeniuliza maswali matano kwa mpigo na mengi yanamhusu R. Ila mi nilichokiona, na unisahihishe kama nimekosea, ukimuandika R unaandika kama mtu anayetoa taarifa, fulani alifanya hivi akafanya hivi. Ukifika kwa mwalimu sentensi inakatika. Ukifika kwa mama yako na beseni lake ndo unakuwa mfupi kabisa, kama mtu anayepita haraka mahali asikotaka kuonekana. Tutarudi hapo.

Kwanza tuchambue maana umevifunga pamoja vitu vitatu. Kuna hela ya watu iliyoko kwenye simu yako. Kuna R, mgonjwa, na kile unachokisikia juu yake. Na kuna Dagaa, yaani yule uliyefanywa kuwa, anayeishi kwenye lifti na kwenye mkoba wenye pafyumu mbili. Ukiendelea kuvibeba kama mzigo mmoja, kutuma hela kutakuwa ni kusamehe, kutokutuma kutakuwa ni kulipa kisasi, na hapo lazima mkono ugome kwenye namba ya siri, nani asingegoma?

Hii habari ya "mambo ya utotoni". Mumeo hana ubaya, anataka ulale, wanaume wengi wakiona mke hana usingizi wanatafuta kitu cha kufunga kama bomba linalovuja. Ila hapo hayuko sahihi. Uingereza kuna watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 ambao wamefuatiliwa maisha yao yote, na mwaka 2014 watafiti wa King's College London wakatoa majibu ya watu 7,771 kati yao. Wazazi wao walikuwa wameulizwa, mtoto akiwa na miaka 7 na tena akiwa na 11, kama wenzake wanamuonea. Walipofika miaka 45 mpaka 50, wale walioonewa mara kwa mara ndo walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi kuliko wenzao, na hata maisha yao wenyewe waliyaona yana nafuu ndogo. Miaka 50, mtu ana wajukuu! Sikuambii ili ujione umehukumiwa, ule ni wastani wa watu wengi na wako wengi tu walioonewa na wakawa salama. Nakuambia ili ukiulizwa "bado tu?" ujue hujaitunga wewe.

Na wewe silaha uliyopigwa nayo ni harufu, ambayo ina njia yake ya mkato kichwani. Unachokiona na kukisikia kinazunguka kidogo kwenye ubongo kabla ya kufika, ila harufu inakwenda karibu moja kwa moja kwenye zile sehemu za hisia na kumbukumbu, ndo maana mtu anasikia moshi wa kuni anamkumbuka bibi yake kabla hata hajajua anawaza nini. Na hata bila harufu yoyote, mtu akishika pua kwenye lifti mwili wako unarudi darasa la tano kabla akili haijasema "huyo ana mafua". Na kila ukijipulizia pafyumu mwili unapata nafuu ya dakika kumi na unajifunza kwamba ulikuwa unanuka kweli, bora tumejipulizia. Hiyo pafyumu inakutuliza na inakudanganya kwa wakati mmoja.

Sasa kuna mambo umeyaandika kama yana uhakika na mi naomba niyaulize tu, kwa upole. Umeamini R kasahau. Huwa tunasema mtenda husahau mtendewa hasahau, na mara nyingi ni kweli. Ila ngoja nikuambie changu. Shuleni kwetu kulikuwa na mvulana ana kigugumizi, akisimama kusoma darasa zima linamsaidia kwa kugugumia naye, na mi nilikuwemo, tena mi nilikuwa hodari wa kumuigiza. Nimezeeka sasa na hajawahi kuniondoka, na sijawahi kumtafuta kwa sababu naona aibu, na ningekutana naye leo pengine ningemuita kwa jina lile la utani na kucheka, kujifanya ilikuwa furaha yetu sote. Kwa hiyo "Dagaa wangu" ya R inaweza kuwa ni ya mtu asiyekumbuka kitu, inaweza ikawa ni ya mtu anayekumbuka vizuri sana na hajui aingilie mlango upi. Sijui ni ipi. Na wewe hujui bado.

Umeamini pia kwamba kufurahi kidogo kusikia sauti yake imeisha ni dalili ya roho mbaya. Mwanangu, kama ungekuwa na roho mbaya usingetapika. Ile furaha mi nadhani ni ya yule mtoto wa miaka tisa aliyetemewa mate, kwa mara ya kwanza yuko upande wenye nguvu. Mwache afurahi kidogo. Usimpe tu simu yenye hela.

Na hela nizungumzie moja kwa moja maana hapa sitazunguka. Iwe unampenda R au humpendi, ile 1,340,000 ni ya watu waliochanga na ina kazi yake, na damu inasafishwa mara tatu kwa wiki, haisubiri sisi tumalize kusikilizana. Unaweza kuituma. Unaweza pia kumpigia admini kesho asubuhi ukamwambia nina mambo ya kifamilia, naomba kazi hii ishikwe na mwingine, ukamhamishia yote na orodha ya waliochanga. Hutakuwa umedanganya, mambo ya kifamilia unayo. Nakupa hiyo ya pili kwa sababu naogopa siku ya kumi na tano mtu ataanza kuuliza, na mhasibu akishaulizwa hela iko wapi jina linachafuka kwa namna ambayo hakuna pafyumu inayoitoa. Hapo Dagaa wa zamani atapata kesi mpya na safari hii atakuwa na kosa kweli. Kuchangia hela yako mwenyewe ni jambo lingine kabisa, uchange au usichange, na usipochanga huna haja ya kumueleza mtu.

Tuje kwa R. Unaweza usimwambie chochote, kamwe, na hilo nalo ni jibu, watu wengi wameishi nalo. Unaweza ukamwambia sasa. Hatari yake ni kwamba mgonjwa wa kiwango kile anaweza kulia, anaweza kukana, anaweza kukuambia "sasa si tulikuwa watoto" na ukarudi na kidonda kikubwa zaidi, au ukamwambia leo na wiki ijayo akafariki ukabaki unajiuliza. Unaweza kusubiri apate nguvu, na hatari yake unaijua, anaweza asipate. Wengine huwa wanaandika barua yote, kila kitu, rambo, mate, soksi nyeupe, halafu hawaitumi, inakaa kabatini, siku moja wanaitoa wanaona imeisha makali au wanaona sasa wako tayari kuituma. Ukichagua kuongea, jiulize kwanza unataka nini kutoka kwake. Ukitaka ajue tu, hilo unaweza kulipata. Ukitaka aombe msamaha kwa namna fulani, kwa maneno fulani, hapo umeuweka usingizi wako mikononi mwake tena.

Halafu kuna jambo dogo kuliko hilo ambalo sijui kama umelifikiria, hilo jina. Unaweza kumwambia admini peke yake, inboksi, mi naitwa fulani, Dagaa sipendi. Mstari mmoja. Wapo watakaokuona umebadilika, umepata hela umeanza kujisikia, watu wa magrupu tunawajua. Na kuna mmoja au wawili, katika 43, ambao naamini watakaa kimya kwa aibu, kwa sababu kati ya wale waliocheka siku ya rambo si wote walikuwa wanacheka, wengine walikuwa wanashukuru tu kwamba si wao. Kutoka kwenye grupu kabisa nako kupo. Ila ulisema uliingia ili waone umefika wapi, sasa ukitoka kimyakimya sijui kama hutajisikia umetolewa tena.

Rafiki yako wa kanisani ana nia njema. Mi pia ni mtu wa kusali. Lakini nimeona watu wakisukumwa kusamehe haraka ili wengine waliokaa pembeni wapumue, na kinachotokea kidonda kinafunikwa kikiwa na usaha. Hakuna mtu anayeweza kukupangia tarehe.

Kuhusu pua za watu na kuoga mara tatu na cheo ulichokikataa mara mbili, hapo ningependa upate mtu wa kukaa naye ana kwa ana, barua yangu haitoshi. Uko Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na wanasaikolojia, na binafsi wapo pia kama mfuko unaruhusu. Najua neno lenyewe linatisha, watu wanadhani ukienda huko umechanganyikiwa. Unakwenda unakaa kwenye kiti unaongea, na mara nyingi kwa tatizo la namna yako mtakwenda kidogokidogo, leo panda lifti na pafyumu moja, wiki ijayo bila kuipuliza tena mchana, mwili ujionee wenyewe kwamba hakuna aliyekimbia. Inachosha na kuna siku utatoka umekasirika. Na kama kuna usiku unafika mahali unaona bora usingekuwepo, hiyo usisubiri miadi, mwambie mumeo usiku huohuo muende hospitali.

Sasa mama.

Wale wazazi wa Uingereza nilikuambia waliulizwa kama mtoto anaonewa, na wakaweza kujibu. Walikuwa wanajua. Umeniandikia mama yako aliita mara mbili halafu akanyamaza, na nyumbani akakupakulia ukala. Wewe umeihesabu ile kama siku uliyomkana na yeye hakuelewa. Mi nimeuza vitu sokoni miaka mingi, mama wa sokoni akiita mtoto wake mara mbili kisha akanyamaza, kuna kitu ameshakiona. Inawezekana alikaa kimya kukulinda mbele ya wale wenzako. Inawezekana alijikunja moyoni akasema ni mimi ndo namletea mwanangu aibu. Sijui, na sitaki nikuwekee maneno ya mama yako mdomoni. Ila yeye yupo hai na anakuja mwezi wa 12 na kiroba chake, na kila mwaka hakioni tena akirudi na hajawahi kuuliza hicho nacho.

Sikutumi ukapige magoti. Ukimfungulia, anaweza kuumia, maana utakuwa unamwambia kwamba kazi iliyokusomesha ndo ilikuwa inakuchoma, na hilo ni zito kwa mama yeyote, itabidi uchague maneno. Usipomfungulia, mtaendelea hivihivi na kiroba kitaendelea kwenda kwa jirani. Pengine kuna njia ya katikati, umuulize tu ilikuwaje siku za mwaloni, mvua zikinyesha, mlikuwa mnalalaje, umsikilize yeye aanzie wapi. Mwambie asikuletee waliokauka sana kama unataka sababu ya kuzungumzia dagaa, hiyo peke yake itampa stori ya nusu saa.

Kesho asubuhi anza na admini. Hayo mengine niandikie ukiwa tayari, hata kama ni kuniambia mwezi wa 12 umepita na hukusema kitu.